Kugawa diski moja ikae Windows na Linux bila ya kupoteza faili hata moja

Mpwa wangu kavuka na boti likizo hii kaja Wete na laptopu yake, yuko chuo Unguja anasoma mambo ya programu, mwalimu wao kawataka wote wawe na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na yeye Windows hataki kuiacha kwa sababu kazi zake zote za Word zimo humo. Kanambia, "Mjomba, wenzangu wanasema lazima nifute kila kitu nianze upya." Nikamwambia mwanangu hufuti kitu. Na kwa vile nimeona watu wengi wanaambiwa maneno hayo hayo, wengine wanalipa pesa mtu awafutie, nimekaa naandika hapa tulivyofanya mimi na yeye juu ya meza ya chakula, pamoja na zile pahala ambapo watu huwa wanaharibikiwa.

Kwanza tuelewane partisheni ni nini. Chukulia shamba la mikarafuu la urithi, shamba ni moja na udongo ni ule ule, ila warithi ni watatu kwahiyo mnaweka mipaka na kila mtu anajua miti yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Diski nayo ni hivo. Mwanzo wake kuna mfano wa daftari dogo linaloandika kila kipande kimeanzia wapi na kimeishia wapi, na hilo daftari ndo kila kitu, likiharibika karafuu zipo juu ya miti lakini hakuna anayejua za nani. Daftari lenyewe lipo la aina mbili, la zamani linaitwa MBR ambalo halikubali partisheni kuu zaidi ya 4 wala diski inayozidi TB 2, na la sasa linaitwa GPT ambalo kwa Windows linafika partisheni 128. Laptopu zilizokuja na Windows 10 au 11 karibu zote ni GPT, lakini usikisie, tutaangalia.

Sasa neno langu kubwa ni hili, na ukishika hili tu basi. Watu wakisikia Windows na Linux wanakata diski vipande viwili. Mimi nakwambia kata vitatu: kimoja cha Windows, kimoja cha Linux, na kimoja cha vitu vyako, yaani picha, kazi za skuli, hesabu za duka, kila kitu chako wewe. Kwa nini? Kwa sababu mfumo huwa unaharibika, unaingia virusi, unataka kuwekwa upya, na ukiwa vitu vyako umevichanganya ndani ya C, yaani kile kipande cha Windows, basi kila Windows ikiugua na wewe unaugua nayo. Vitu vikiwa pembeni unaifuta C hata mara kumi na vyako havijaguswa. Halafu hicho kipande cha tatu Windows inakisoma na Linux inakisoma, kwahiyo unaanza kazi huku unaimalizia kule.

Kabla hujagusa kitu

Bekapu. Najua umeshaambiwa, soma hivyo hivyo. Nilipokuwa ndo kwanza naanza kazi hizi nilikuwa napunguza partisheni kwenye kompyuta ya mezani ya nyumbani, haina UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika), saa mbili usiku, kazi imefika katikati umeme ukakatika. Uliporudi ile partisheni ya D haifunguki, kila nikiibofya inataka ifomatiwe, yaani ifutwe itayarishwe upya. Humo mlikuwemo picha za harusi ya dada yangu na sauti ya marehemu bibi yetu niliyomrekodi anasimulia walivyokuwa wakichuma karafuu zamani. Picha nilizirudisha kama nusu. Sauti haikurudi, na bibi hayupo tena wa kumrekodi.

Kwahiyo nunua au azima diski ya nje, kopi folda zako zote, halafu, na hapa watu wanaparukia, fungua faili tatu nne ndani ya hiyo bekapu uone zinafunguka kweli. Bekapu ambayo hujaijaribu usiihesabu. Na bekapu kuiweka kwenye partisheni nyengine ya diski ile ile hiyo si bekapu, diski ikifa zinakufa zote pamoja.

La umeme nalo lichukulie kwa uzito. Wa Unguja wanaokumbuka kile kiza cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hawahitaji kuhubiriwa. Laptopu ichaji mpaka mia na uiache kwenye chaja, ikiwa betri yake imekufa hiyo ni kama kompyuta ya mezani tu, usianze bila ya UPS. Na siku ambayo umeme unacheza cheza tangu asubuhi usianze, subiri kesho, diski haikimbii.

Kitu cha pili ni kufuli la diski, linaitwa BitLocker, kwenye baadhi ya laptopu utalikuta limeandikwa Device encryption. Wengi hata hawajui kama limewaka kwa sababu siku hizi Windows 11 mara nyingi inaliwasha yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kama administrator uandike:

manage-bde -status

Ikikwambia Protection On, basi simama hapo kwanza. Kuna ufunguo wa tarakimu 48, utaupata ukiingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia aka.ms/myrecoverykey, uandike kwenye karatasi, nasema karatasi, si kwenye laptopu hiyo hiyo. Siku unayobadilisha mambo ya kuwasha mashine Windows inaweza kukuuliza huo ufunguo na ukiwa huna, ndo basi, hakuna fundi wa Darajani wala wa Chake atakayekufungulia. Ya mpwa wangu ilikuwa imewaka, yeye hana habari. Tuliuandika ufunguo, halafu tukalizima kufuli kabisa kwenye Settings, Privacy & security, Device encryption, tukaiacha ijifungue yenyewe huku sisi tunakula. Unaweza usilizime, ila Linux itapata tabu kuisoma C, na kwa mwanafunzi anayeanza mimi naona kulizima ni wepesi zaidi. Mwenye siri za kazi au za wateja humo ndani afikiri mara mbili, maana laptopu ikiibiwa bila ya kufuli mwizi anasoma kila kitu.

Sasa angalia diski yenyewe. Bofya kulia kwenye batani ya Start, chagua Disk Management. Chini utaona Disk 0 na vipande vyake. Bofya kulia pale palipoandikwa Disk 0, Properties, kisha Volumes, usome Partition style. Ikiwa ni GPT endelea. Ikiwa ni MBR na tayari ina partisheni 4, ukijaribu kuongeza ya tano Windows itakuja na swali kwamba diski itageuzwa kuwa dynamic disk, sema HAPANA. Dynamic disk kwa hichi tunachokifanya ni kujifungia mlango, Linux haitaweka vizuri hapo na kurudi nyuma ni kazi.

Usishtuke kuviona vipande ambavyo hukuviweka wewe. Kile cha MB 100 hivi kilichoandikwa EFI ndo kinachowasha mashine, kile cha Recovery ni cha kurekebishia Windows. Usivifute kabisa. Nimeona mtu kafuta EFI kwa kuona "kinajaza nafasi", MB 100 hizo, na laptopu haikuwaka tena mpaka ikaletwa.

Hesabu za kugawa

Diski ya mpwa wangu imeandikwa GB 512 kwenye boksi, Windows inasema 476. Hakuna aliyeiba. Anayetengeneza diski anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024, ndo tofauti inapotokea. Shika hilo maana litarudi mbele.

Ndani ya C alikuwa katumia kama GB 90. Tukapanga hivi: C ibaki na 200, za data 185, Linux 90. Kwa Linux, sisi tulichagua aina yake inayoitwa Mint, na wao wenyewe wanasema kima cha chini ni GB 20 na wanapendekeza 100, kwa mtu anayejifunza programu 90 zinatosha bila ya wasiwasi. Kama diski yako ni 256, ambayo utaiona 238, basi C 110, data 75, Linux zinazobaki. Usiinyime C, Windows ikijazana inakuwa nzito na hata masasisho yanakataa kuingia.

Disk Management haitaki GB, inataka MB, na hapa ndo mtu anaandika 275 akapata kipande cha kijinga. Zidisha kwa 1024. Sisi tulitaka kutoa GB 275 kwenye C, 275 mara 1024 ni 281600. Andika kwenye karatasi kabla.

Kupunguza C

Bofya kulia kwenye C, chagua Shrink Volume. Inakaa inahesabu kidogo halafu inakuletea kisanduku. Na sisi ndo tulipokwama. Ilisema inaweza kutoa MB 61000 tu, kama GB 60 hivi, wakati C ina nafasi tupu zaidi ya GB 300! Mpwa wangu akanitizama, "Mjomba mbona haitoshi?" Hili linawakuta wengi na wengi ndo wanapokata tamaa wakaamua kufuta kila kitu. Sababu ni kwamba kuna faili za Windows ambazo hazihamishiki wakati mashine imewaka, zimekaa katikati ya shamba kama mwembe wa mzee ambao haukatwi, na mpaka hauwezi kuupita. Faili zenyewe ni ile ya hibernation (ya kuilaza mashine), ile ya pagefile (ya kusaidia RAM ikijaa), na zile za System Restore (za kuirudisha Windows ilivyokuwa).

Unazitoa kwa muda. Hibernation, fungua Command Prompt kama administrator uandike:

powercfg /h off

Hii ina faida ya pili kubwa, inazima na Fast Startup, ambayo kazi yake ni kuifanya Windows isizimike kweli kweli unapoizima, inalala nusu, na Linux ikija kuikuta diski iko hivo inakataa kuandika juu yake. Kwahiyo hii usiirudishe tena, iache imezimwa.

Pagefile andika sysdm.cpl kwenye Start, nenda Advanced, kwenye Performance bofya Settings, Advanced tena, Virtual memory, Change, toa ile tiki ya juu, chagua No paging file, bofya Set. System Restore iko kwenye sysdm.cpl hiyo hiyo, System Protection, Configure, uizime. Halafu zima uwashe upya, lazima, bila ya hivo hazitoki. Tulivyorudi kwenye Shrink Volume ikasema inaweza kutoa zaidi ya MB 300000. Tukaandika 281600, tukabofya Shrink, tukaiacha. Kwenye SSD, diski za kisasa zisizozunguka, ni dakika chache tu, kwenye diski ya kuzunguka ya zamani inaweza kuchukua saa nzima na zaidi na itaonekana kama imeganda, skrini inasema Not Responding, usiizime. Taa ya diski ikiwa inapepesa basi inafanya kazi.

Ikimaliza rudisha pagefile na System Restore kama zilivyokuwa.

Sasa pembeni ya C pana kipande cheusi kimeandikwa Unallocated. Bofya kulia hapo, New Simple Volume, usikubali namba inayokuja yenyewe, andika 189440 ambayo ndo GB 185, iite D, chagua NTFS (mpangilio wa faili wa Windows), jina andika DATA. Zilizobaki, MB 92160, ziache nyeusi vile vile. Usizifomati kwa ajili ya Linux, Linux itajifanyia yenyewe, na zikiwa nyeusi ndo utazitambua kwa urahisi baadae.

Papo hapo hamisha vitu vyako. Fungua File Explorer, bofya kulia kwenye Documents, Properties, Location, Move, chagua folda ndani ya D. Fanya hivo kwa Pictures na Downloads. Kuanzia hapo kila unachosevu kwenye folda hizo kinaingia D bila ya wewe kukumbuka.

Flashi

Tulichagua Linux Mint kwa sababu mbili, moja inafanana na Windows kwahiyo mtu hapotei, pili ni bando. Faili la Mint ni karibu GB 3, la Ubuntu, aina nyengine ya Linux, ni karibu GB 6, na Mint 22 imejengwa juu ya hiyo hiyo Ubuntu 24.04 na masasisho yake yanaendelea mpaka 2029. Shusha kutoka linuxmint.com yenyewe. Kama mtandao wenu unakatika katika basi lihakiki faili kabla ya kulitumia, kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, SHA256, halafu linganisha ule mstari mrefu na ule ulioandikwa kwenye tovuti yao. Faili lililokatika njiani linaweza kukuangusha katikati ya kuweka mfumo, na hapo hutajua tatizo ni nini.

Flashi ya GB 8 inatosha, itafutwa yote kwahiyo toa vilivyomo. Tumia Rufus, programu ya kuliandika faili hilo kwenye flashi, chagua faili la Mint, Partition scheme iwe GPT, Start.

Kuwasha kwa flashi, shikilia Shift huku unabofya Restart, itakuja skrini ya buluu, chagua Use a device kisha flashi yako. Au unapowasha bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Itawaka Mint ikiwa ndani ya flashi, haijagusa diski bado. Kaa nayo kidogo. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, jaribu kamera. Kama Wi-Fi haishiki hapa basi pengine haitashika na baadae, bora ujue sasa.

Ukifika kwenye kuchagua diski ukakuta diski haionekani kabisa, ipo flashi tu, usiingie khofu na usiende BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka) kubadilisha badilisha ovyo. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinakuja na diski imewekwa kwenye RST au VMD, namna za Intel za kuisimamia diski, na Linux haiioni mpaka iwe AHCI, namna ya kawaida. Ukibadilisha ghafla Windows inagoma kuwaka. Njia yake, rudi Windows, fungua msconfig, Boot, weka tiki Safe boot, zima, ingia BIOS ubadilishe iwe AHCI, acha Windows iwake mara moja ndani ya Safe mode, rudi msconfig utoe tiki, washa tena kawaida. Na ikiwa kufuli hukulizima, hapa ndo ule ufunguo wa tarakimu 48 unapoulizwa.

Kuweka Linux yenyewe

Bofya Install Linux Mint, lugha, kibodi, mpaka ufike Installation type. Hapa kuna maneno matatu yanayofanana na moja linafuta diski nzima. Erase disk usiiguse hata kwa bahati mbaya. Chagua Something else, ya chini kabisa, maana unataka kuona kwa macho yako kinachofanyika.

Itakuja jedwali. Hakuna C wala D hapa, kuna majina kama nvme0n1p3, usiyaogope, tambua kwa ukubwa na kwa ntfs. Mpwa wangu akasema "Mjomba tulibakisha tisini, hapa inasema tisini na sita." Ni ile hesabu ya elfu na 1024, Linux hapa inahesabu kwa elfu, kwahiyo MB 92160 za Windows zinasomeka kama 96636. Ni pale pale. Ukiona pameandikwa free space na namba imekaa hapo hapo basi ndo penyewe. Kuna vi-free space vyengine vidogo vya MB 1, viache.

Bofya hiyo free space, halafu alama ya kujumlisha, ukubwa acha wote, Use as chagua Ext4 (mpangilio wa faili wa Linux), Mount point chagua /. Basi. Swap, yaani pagefile ya Linux, usihangaike nayo, Mint inajitengenezea faili lake yenyewe. Ile partisheni ya EFI iliyopo inatumika hiyo hiyo kwa mifumo yote miwili, hakikisha tu haina tiki ya Format. Chini kwenye bootloader, programu ya kuwashia mifumo, chagua diski yenyewe, nvme0n1 bila ya p mbele yake, au sda kama diski ni ya SATA.

Ukibofya Install Now inakuja orodha ya partisheni zitakazofomatiwa. Isome kwa sauti. Inatakiwa iwe na mstari mmoja tu, wa ext4. Kwetu ilikuwa partition #6. Ukiona mistari miwili, au ukaona ntfs, bofya Go Back, mpaka dakika hiyo hakuna kilichoandikwa kwenye daftari la mipaka, ukishabofya Continue kimeandikwa.

Kwenye ramani ya saa bofya Dar es Salaam, Zanzibar haina yake, ni saa ile ile. Weka jina na paswedi ambayo hutaisahau, subiri, toa flashi inapokwambia.

Ukiwasha sasa inakuja skrini nyeusi yenye maandishi, Linux Mint juu na Windows Boot Manager chini, unachagua kwa mishale. Ikiwa imekwenda Windows moja kwa moja, ingia BIOS kwenye mpangilio wa kuwasha uipandishe ile iliyoandikwa ubuntu juu, ndio, Mint inajiandika ubuntu hapo, si kosa. Ikiwa Windows haimo kwenye orodha fungua terminal, dirisha la amri la Mint, uandike sudo update-grub na mara nyingi inajitokeza.

Siku ya pili mpwa wangu kaamka kawasha Windows, saa nne asubuhi, mashine inasema saa moja. Akadhani kaharibu kitu. Linux inaiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya dunia, Windows inaichukulia kuwa ndo saa ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele, ndo zinapotea tatu kamili. Dawa iko ndani ya Mint, kwenye terminal, mara moja tu:

timedatectl set-local-rtc 1

Kisha ingia Windows uisawazishe saa, haitatoka tena.

Na kwa anayetaka Windows mbili

Kuna wenzetu hawataki Linux, wanataka Windows mbili kwenye diski moja, moja safi ya hesabu za duka haiguswi na mtoto, nyengine ya michezo na kujaribia vitu. Kazi ni ile ile mpaka kwenye kipande cheusi, halafu unawasha kwa flashi ya Windows, unachagua Custom, unabofya kile Unallocated na Next. Jueni mambo mawili tu. Windows 11 inadai angalau GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine), na usikimbilie Windows 10 kwa sababu masasisho yake ya kawaida yalimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. La pili, programu iliyowekwa Windows hii haiendi Windows ile hata kama folda yake unaiona, unaiweka tena kule, na leseni nazo ni kwa kila nakala, kwahiyo ulizia kabla hujanunua. Na ikiwa unataka kujaribu kitu wiki moja tu basi usigawe diski kabisa, weka VirtualBox uendeshe huo mfumo wa pili ndani ya dirisha, ukichoka unafuta.

La mwisho, kwa anayejiuliza ikiwa siku moja ataichoka Linux. Anza BIOS, uiweke Windows Boot Manager juu, uhakikishe Windows inawaka yenyewe, ndo uende Disk Management ufute ile partisheni ya Linux. Ile nafasi ataipata D, si C, kwa sababu Windows inakubali kutanua partisheni kwa nafasi iliyo ubavuni mwake upande wa kulia tu, na kulia kwa C kuna D. Kwahiyo ile hesabu ya C ifanye vizuri siku ya kwanza, ukiwa na shaka kati ya 180 na 200, mpe C hizo 200.